Namna ya Kuingia Ubia na Chuo Kikuu cha Nje Bila Kuachia Usukani: Mwongozo Kamili

Hati nyingi za makubaliano kati ya vyuo vikuu vyetu na vyuo vya nje hutiwa saini, picha hupigwa, na miaka mitano hupita bila hata semina moja kufanyika. Nyingine huzaa kazi nyingi, ila kazi hiyo imepangwa kwingine, fedha zake zinashikwa kwingine, na Seneti ya chuo mwenyeji huisikia kwa mara ya kwanza pale mwanafunzi anapodai cheti. Mwongozo huu unahusu hali zote mbili. Umeandikwa kwa ajili ya makamu wakuu wa vyuo, marasi wa ndaki, maamidi, wakurugenzi wa uhusiano wa kimataifa na waratibu wa miradi wa Tanzania, ingawa msomaji wa Kenya, Uganda au Rwanda ataona kuwa hatua ni zilezile na kinachobadilika ni majina ya mamlaka.

Kanuni inayoongoza hatua zote ni hii: uamuzi ambao chuo kingelazimika kuufanya kwenye kikao fulani kama mgeni asingekuwepo, ufanyike kwenye kikao hichohicho hata mgeni akiwepo.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla ya kuanza

- Hati Idhini ya chuo, kanuni zake na Sheria ya Vyuo Vikuu, Sura ya 346. Humo ndimo yamo mamlaka ya Seneti, ya Baraza la Chuo na ya Makamu Mkuu wa Chuo, na bila kuyasoma huwezi kujua ni nani anayeruhusiwa kukifunga chuo kisheria.
- Mpango mkakati wa chuo unaotumika sasa.
- Rejista ya mikataba yote iliyo hai, ikionyesha mbia, tarehe ya kuanza, tarehe ya ukomo na jina la anayeisimamia. Kama haipo, ianze kuandaliwa leo, hata ikibidi karani wa masijala apekue majalada ya nyuma moja baada ya jingine.
- Ratiba ya mwaka ya vikao vya Seneti, vya kamati zake na vya Baraza.
- Sera za miliki bunifu, maadili ya utafiti, ulinzi wa taarifa binafsi na fedha za miradi.
- Afisa mmoja aliyepewa barua ya uteuzi kusimamia ubia huu, pamoja na muda wa mwanasheria wa chuo, Mkurugenzi wa Fedha na mkaguzi wa ndani.
- Fungu dogo la fedha za chuo chenyewe. Chuo kinachokwenda kwenye mazungumzo kikitegemea tiketi ya mbia hata kwa kikao cha kwanza kimekwisha kujipunguzia sauti.

## Hatua ya 1: Andika haja ya chuo kabla ya kutafuta mbia

Mbia wa nje anapofika huwa tayari ana andiko, ratiba ya mfadhili na siku ya mwisho ya kuwasilisha maombi. Chuo kisicho na andiko lake kitakubali la mgeni, wala si kwa udhaifu wa viongozi wake, bali kwa sababu mezani hakuna karatasi nyingine. Kwa hiyo andaa dokezo la kurasa mbili lenye mambo matatu: upungufu uliopo, mabadiliko yanayotakiwa kuonekana baada ya miaka mitatu, na mchango ambao chuo chenyewe kitautoa.

Upungufu uandikwe kwa namna inayopimika. "Tunahitaji kujengewa uwezo" ni sentensi isiyomfunga mtu yeyote. "Idara ina programu mbili za shahada ya umahiri, na wahadhiri wawili tu wenye uzamivu ndio wanaosimamia tasnifu zote" ni sentensi inayomwonyesha mbia pa kuingilia, na inayoweza kurudiwa baada ya miaka mitatu ili kuona kama hali imebadilika.

Ikiwa haja ni ya uongozi wenyewe, mathalani kuimarisha Baraza, udhibiti wa ubora au usimamizi wa utafiti, isemwe waziwazi. Ubia wa namna hiyo una mipaka yake: mgeni anaweza kuwafundisha wajumbe wa Baraza kusoma taarifa ya hesabu, lakini hawezi kukaa nao na kuipitisha.

Tahadhari ya hatua hii ni moja, nayo ni kuandika orodha ya vifaa na kuiita haja. Gari na kompyuta vinaweza kuwa sehemu ya jibu, lakini dokezo linaloanza na vifaa humfanya mbia aone duka la kununulia. Umefaulu pale mjumbe wa Seneti asiye wa fani yenu anapolisoma dokezo na kukueleza, kwa maneno yake mwenyewe, chuo kinataka nini.

## Hatua ya 2: Mchunguze mbia

Thibitisha ithibati yake kwa mamlaka ya nchi yake, umiliki wake, na chanzo cha fedha atakazoleta. Kisha waulize wabia wake wa awali barani Afrika, si yeye, maswali mawili: je, ripoti za fedha zilifika kwa wakati, na je, makala zilizotokana na kazi ya pamoja zilikuwa na majina ya nani mbele?

Angalia pia kama unayeongea naye ni chuo au ni profesa mmoja mwenye mapenzi mema. Urafiki wa watu wawili ni mwanzo mzuri, na ubia mwingi wa maana umeanza hivyo. Ule wa Chuo Kikuu cha Moi na Indiana University, ulioanza Eldoret mwaka 1989, ulisimama kwa sababu upande wa Marekani uliweka mhadhiri wa kuishi Eldoret badala ya kutuma wageni wa wiki mbili, na kazi ikahusishwa na shule ya udaktari na hospitali ya rufaa yenyewe. Kutokana na msingi huo ndipo AMPATH, mpango wa pamoja wa matibabu, ilipochipuka mwaka 2001 wakati wa janga la UKIMWI. Profesa wako akistaafu kesho, nani mwingine katika chuo chake anaujua ubia huu? Kama hakuna, omba barua kutoka kwa uongozi wa juu wa chuo hicho kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 3: Chora mgawanyo wa madaraka

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoleta ugomvi baadaye. Watu huona haya kuuliza nani mkubwa wakati bado wanasalimiana. Ulizeni mapema.

Chukua karatasi uichore safu nne: anayependekeza, anayeidhinisha, anayetekeleza na anayearifiwa. Upande wa kushoto orodhesha maamuzi yote yatakayojitokeza: kuandika na kurekebisha mtaala, kudahili, kutunga na kusahihisha mitihani, kuteua wasimamizi wa tasnifu, kuajiri wafanyakazi wa mradi, kununua vifaa, kuhamisha fedha kutoka kasma moja kwenda nyingine, kutunza data, kuchapisha matokeo, kusema na vyombo vya habari, na kutoa cheti. Kila kisanduku kijazwe cheo cha mtu au jina la kikao. Neno "kwa pamoja" lisitumike kwenye safu ya uidhinishaji, kwa sababu wawili wanapoidhinisha pamoja na wakatofautiana, hakuna aliyeidhinisha.

Tuchukue mstari mmoja: uteuzi wa mwanafunzi wa uzamivu atakayelipiwa na mradi. Idara yenu inapendekeza majina matatu kwa tangazo lililo wazi, kamati ya wataalamu wa pande mbili inawahoji na kuwapanga kwa alama, Kamati ya Masomo ya Uzamili ya Seneti inadahili, mratibu anatekeleza, mbia anaarifiwa kwa barua. Mbia ana sauti halisi hapo, kwa kuwa ameketi kwenye usaili, lakini mlango wa kuingilia chuoni unabaki na mwenye chuo. Mstari huo usipoandikwa, ni rahisi majina yakateuliwa kwa barua pepe kati ya watu wawili, kisha Kurugenzi ya Masomo ya Uzamili ikaletewa mtu ambaye tayari ana tiketi mkononi lakini hana sifa za kudahiliwa.

Mfano ulio karibu nasi wa mgawanyo uliosemwa wazi tangu mwanzo ni kampasi ya IIT Madras, taasisi ya teknolojia ya India, iliyopo Zanzibar, ambayo makubaliano yake yalitiwa saini tarehe 5 Julai 2023. Programu, mitaala, taratibu za kuchagua wanafunzi na ufundishaji viliwekwa chini ya IIT Madras. Gharama za ujenzi na uendeshaji zikawa juu ya Serikali ya Zanzibar. Na shahada ni ya IIT Madras. Kigali nako, tawi la Carnegie Mellon lililotokana na makubaliano ya mwaka 2011 na Serikali ya Rwanda hutoa shahada za Carnegie Mellon yenyewe. Mtu anaweza kuupenda mgawanyo wa aina hiyo au kutoupenda, lakini anajua cheti ni cha nani na anayelipa ni nani.

Angalia hata hivyo kwamba hayo ni matawi. Chuo chenu kinapofundisha kwa jina lake na kutoa shahada yake, hakipaswi kuiga mpango wa tawi, ambamo mamlaka ya kitaaluma yako ng'ambo kwa halali. Vyuo kadhaa vimejikuta na hasara za pande zote mbili: mitaala ikiamuliwa nje kama ya tawi, na lawama ya ubora ikibaki nyumbani kwa sababu muhuri wa cheti ni wa nyumbani.

Utajua karatasi imekamilika pale watu wawili waliojazwa kwenye mistari tofauti wanapoisoma na hakuna anayesema, "Hili sikuambiwa."

## Hatua ya 4: Chagua aina ya hati, kisha andika vifungu

Barua ya kusudio inasema tu kwamba pande mbili zinapenda kuzungumza. Hati ya makubaliano inaeleza maeneo ya ushirikiano na kwa kawaida haimlazimishi mtu kulipa chochote. Mkataba wa utekelezaji ndio unaotaja kazi, watu, muda na fedha. Vyuo vingi huishia kwenye hati ya makubaliano na kushangaa kwa nini hakuna kinachotokea. Dawa yake ni kutotia saini hati ya makubaliano isiyo na kiambatisho cha mpango kazi wa mwaka wa kwanza, wenye shughuli zisizozidi tatu, mhusika wa kila shughuli na chanzo cha fedha yake.

Vifungu vinavyostahili kukaliwa muda mrefu ni hivi.

Mamlaka ya kitaaluma. Maneno yafuatayo yanaweza kuchukuliwa na kurekebishwa na mwanasheria wa chuo:

"Uamuzi wowote unaohusu udahili, mtaala, mtihani au utoaji wa tuzo kwa mwanafunzi aliyesajiliwa na Chuo Mwenyeji utafanywa na Seneti ya Chuo Mwenyeji kwa mujibu wa kanuni zake, na hakuna chombo kitakachoundwa chini ya Mkataba huu kitakachokuwa na mamlaka ya kuutengua uamuzi huo."

Mbia mwenye nia njema hataona tatizo, kwa kuwa Seneti yake mwenyewe isingekubali chini ya hapo.

Miliki bunifu na uandishi. Tofautisheni ujuzi ambao kila upande umekuja nao na matokeo yatakayozaliwa na kazi ya pamoja. Ule wa kwanza unabaki kwa mwenyewe. Ya pili yagawanywe kwa kanuni iliyoandikwa. Kuhusu makala, kubalianeni mapema ni mchango gani unaompa mtu haki ya kuwa mwandishi, na kwamba mtafiti aliyekusanya data Kilosa kwa miezi sita hatamalizikia kwenye aya ya shukrani. Mkataba wa Afrika kuhusu ushirikiano wa utafiti wenye mageuzi, uliozinduliwa Windhoek Julai 2023 katika mkutano wa Jumuiya ya Vyuo Vikuu vya Afrika, ni silaha nzuri ya kuweka mezani katika kifungu hiki, maana unadai uwiano wa madaraka na mgawanyo wa kazi katika utafiti, na mbia hawezi kusema mmebuni madai yenu jana usiku.

Data na sampuli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na Kenya wana ya kwao ya mwaka 2019. Mbia wa Ulaya naye amefungwa na kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Mei 2018. Kifungu kitaje data zitakaa kwenye seva ya nani, nani ana nenosiri, na nakala kamili itabaki wapi mradi ukiisha. Sampuli za kibaiolojia zisitoke nchini bila mkataba wa kuhamisha sampuli na idhini ya mamlaka husika, ambayo kwa utafiti wa afya Tanzania ni NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu.

Kusitishwa. Zamani kifungu hiki kiliandikwa kwa mazoea tu. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilipositisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya, mikataba mingi ilionekana kuwa na njia rahisi ya mfadhili kutoka na haikuwa na lolote kwa mwanafunzi aliyekuwa nusu ya masomo. Andika kwamba fedha zikikatika, kuna muda wa kufunga wenye malipo kwa kazi iliyokwisha kufanyika, na taja nani atabeba ada ya wanafunzi waliokwisha kudahiliwa.

Sheria itakayotumika, mahali pa usuluhishi na lugha ya nakala itakayotawala mkiwa na nakala mbili ni mambo ya mwanasheria. Hakikisha tu kwamba hayajaachwa wazi.

## Hatua ya 5: Pitisha kwenye vikao kabla ya saini

Jalada lifunguliwe masijala lipewe namba, na rasimu itembee na jalada hilo, si kwa barua pepe peke yake. Njia ya kawaida ni idara, bodi ya ndaki au shule kuu, kamati husika ya Seneti, kisha mwanasheria na Mkurugenzi wa Fedha kwa maoni ya maandishi, halafu menejimenti. Baada ya hapo mambo hugawanyika: ya kitaaluma yanakwenda Seneti, yale ya ardhi, majengo, madeni, ajira mpya au wajibu wa fedha wa muda mrefu yanakwenda Baraza. Pale sheria inapotaka, mkataba upelekwe pia Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Lalamiko la kila mahali ni kwamba mfadhili ametoa wiki sita na Seneti inakutana baada ya miezi mitatu. Lalamiko hilo ni la kweli, lakini suluhisho lake si kuiruka Seneti. Iombe Seneti, mapema na kwa utulivu, ipitishe utaratibu wa idhini ya awali: kamati yake ndogo inaruhusiwa kuidhinisha maombi ya fedha yanayotimiza masharti yaliyotajwa, na taarifa inaletwa kwenye kikao kinachofuata chini ya yatokanayo. Kumbuka kwamba kuomba fedha na kuanzisha programu ni mambo mawili. Idhini ya awali inaweza kuhusu lile la kwanza. Programu mpya ya shahada haina njia ya mkato, na haidahili mwanafunzi hata mmoja kabla ya kupata ithibati ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), au ya mamlaka inayolingana nayo katika nchi yenu.

Watafiti wa kigeni watakaokuja watahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) pamoja na kibali cha ukaazi. Maombi haya yawekwe kwenye mpango kazi kama shughuli yenye muda wake, la sivyo miezi ya kwanza ya mradi italiwa na safari za ofisini.

Sasa saini. Fungua ukurasa wa mwisho wa mkataba na uangalie: jina kamili, cheo, tarehe, muhuri, shahidi wa kila upande, na saini fupi chini ya kila ukurasa uliotangulia, kwa sababu ukurasa usio na saini fupi unaweza kubadilishwa na mwingine. Anayesaini kwa niaba ya chuo ni Makamu Mkuu wa Chuo au mtu aliyepewa mamlaka hayo kwa maandishi. Saini ya amidi kwenye hati aliyoletewa hotelini pembezoni mwa kongamano haikifungi chuo, ila inakiaibisha. Nakala halisi moja inakwenda masijala na nyingine kwa mwanasheria, kisha rejista inajazwa siku hiyohiyo.

Hatua hii imekamilika pale unapoweza kuweka kidole kwenye namba ya kikao, tarehe na aya ya muhtasari iliyoruhusu kila kifungu chenye uzito.

## Hatua ya 6: Weka fedha mahali zinapoonekana

Anza na gharama za uendeshaji, yaani umeme, ofisi, uhasibu na ukaguzi ambavyo mradi hutumia bila kuvinunua moja kwa moja. Wafadhili hutofautiana sana: mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya, Horizon Europe, hutoa asilimia 25 ya gharama za moja kwa moja, wakati ruzuku za Erasmus+, mpango wa elimu wa Umoja huohuo, zimezoeleka kuwa na asilimia 7, na ruzuku za NIH, yaani Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, kwa taasisi za nje asilimia 8. Fanyeni hesabu yenu wenyewe ya gharama halisi, Baraza liipitishe kama kiwango cha chuo, na mazungumzo yaanzie hapo. Mbia anayebaki na sehemu yote ya gharama hizo kwa kuwa yeye ndiye aliyeomba fedha anatumia umeme wenu bure.

Pili, elewa namna mfadhili anavyolipa. Katika mpango wa Erasmus+ wa kujenga uwezo wa elimu ya juu, mzunguko wa 2021–2027, miradi ya kundi la kwanza hupewa kati ya euro 200,000 na 400,000, na Umoja wa Ulaya hugharamia asilimia 90. Kwanza, asilimia 10 iliyobaki lazima itoke mahali, na Mkurugenzi wa Fedha aijue kabla ya maombi, si baada ya ushindi. Jambo jingine ni kwamba malipo yake ni ya mkupuo kwa kila fungu la kazi: kazi isiyokamilika hailipwi, hata kama stakabadhi zote zipo. Mhasibu aliyezoea kuthibitisha matumizi kwa stakabadhi pekee anatakiwa sasa kuthibitisha kwamba kazi imefanyika. Faida yake ni kwamba mpango huo unaruhusu chuo cha Afrika kuwa mratibu mkuu, na anayeratibu ndiye anayepokea fedha na kuwagawia wengine. Chuo kinahitaji kwanza kujisajili na kupata namba ya utambulisho ya tarakimu tisa. Jisajilini hata kama hamna maombi mwaka huu.

Tatu, ununuzi. Chuo cha umma hununua kwa kufuata Sheria ya Ununuzi wa Umma na kupitia mfumo wa kielektroniki wa ununuzi, NeST, na hilo lina muda wake. Mbia anapopanga darubini ifike mwezi wa pili, mwonyeshe kwa maandishi hatua zilizopo na mpange upya pamoja. Kumwachia anunue mwenyewe na kuleta ni jambo linalovutia, lakini kaguzi za miaka inayofuata zitauliza kifaa kiliingiaje, ni mali ya nani na nani analipia matengenezo.

Nne, masurufu. Hapa ndipo miradi mizuri hufia. Mhadhiri anachukua masurufu ya kwenda uwandani, analipa dereva, wasaidizi wa utafiti na chakula cha washiriki kijijini, kisha anarudi na stakabadhi zisizo na jina la chuo na nyingine zisizo za EFD (mashine ya kielektroniki ya stakabadhi za kodi) kwa sababu mama lishe wa kijijini hana mashine hiyo. Mfadhili anazikataa, mhasibu anakata mshahara wa mhadhiri, na mhadhiri hataki tena kusikia habari za mradi. Kubalianeni kabla ya safari: palipo na EFD, stakabadhi iandikwe jina la chuo, pasipo na EFD, itumike fomu ya malipo yenye jina, saini au dole gumba, namba ya kitambulisho na saini ya mtendaji wa kijiji. Fomu hiyo iidhinishwe na mfadhili kwa barua. Masurufu mapya yasitolewe kabla ya yale ya zamani kurejeshwa hesabu, na kanuni hiyo imhusu pia Rasi.

Tano, posho. Kiwango kiwe kimoja kwa miradi yote ya chuo, na kila mtumishi atamke kwa maandishi miradi mingine anayolipwa nayo. Mtu aliyejaza asilimia 60 ya muda wake kwenye mradi mmoja na asilimia 70 kwenye mwingine amekiingiza chuo kwenye hoja ya ukaguzi.

Mwisho, taja nani atabeba hasara shilingi ikipanda au kushuka dhidi ya euro kati ya siku ya kuandika bajeti na siku ya kupokea fedha. Mpe mkaguzi wa ndani hati ya kupokelea fedha asubuhi. Kama kabla ya kufunga ofisi ameweza kuifuata hadi stakabadhi ya mwisho, mfumo wenu unafanya kazi.

## Hatua ya 7: Unda kamati ya pamoja na uiunganishe na vikao vya chuo

Ubia wa muda mrefu unahitaji mratibu kila upande, wenye hadhi sawa, na kamati ya pamoja inayokutana angalau mara moja kwa mwaka. Programu za VLIR-UOS, shirika la ushirikiano wa vyuo vikuu la Ubelgiji, ambazo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kilikuwa nazo na Chuo Kikuu Mzumbe kikaanza nazo mwaka 2013, zilijengwa hivyo: mratibu wa hapa, mratibu wa kule, na ofisi ya programu ndani ya chuo mwenyeji. Cha kuiga hasa ni hiyo ofisi, kwa sababu kumbukumbu zinabaki nyumbani.

Kamati isiwe ya wasomi peke yao pale kazi inapogusa jamii. Katika mradi wa TESCEA, wa kuwaandaa wahitimu kwa ajira, wa 2018 hadi 2021, uliohusisha vyuo vikuu vya Mzumbe, Dodoma, Gulu na Uganda Martyrs, kila chuo kiliunda kikundi cha ushauri kilichowaleta waajiri na watu wa jamii mezani wakati mitaala inapitiwa upya. Ushauri ulitoka kwao. Kuidhinisha mitaala kukabaki kazi ya vyuo.

Teua naibu mratibu tangu siku ya kwanza na umweke kwenye barua pepe zote. Usimteue Rasi kuwa mratibu wa mradi unaomletea taarifa yeye mwenyewe, kwani hapo hakuna msimamizi. Muhtasari wa kila kikao cha kamati ya pamoja uletwe Seneti kama ajenda ya kudumu, hata ikiwa ni ya dakika tano. Wajumbe wakianza kuuliza maswali juu ya muhtasari huo badala ya kuupokea tu, ubia umeingia kwenye mwili wa chuo.

## Hatua ya 8: Pima, kisha huisha au funga

Nusu ya muda wa mkataba, rudi kwenye dokezo la Hatua ya 1 na ujaze namba za sasa pembeni ya zile za mwanzo. Idadi ya safari na warsha si kipimo. Pima wahadhiri waliohitimu na wakabaki chuoni, mitaala iliyopitishwa na inayofundishwa, makala ambazo mwandishi wake wa kwanza ni wa kwenu, na asilimia ya fedha iliyopita kwenye hesabu za chuo.

Miezi sita kabla ya ukomo, menejimenti ilete Seneti na Baraza pendekezo moja kati ya matatu: kuhuisha, kupunguza eneo la kazi, au kufunga. Usiruhusu kifungu kinachohuisha mkataba chenyewe kwa ukimya, maana ukimya ndio uliojaza rejista za vyuo kwa mikataba isiyo na mwenyewe.

Kufunga si kuvunja urafiki, na kunafanywa kwa utaratibu. Vifaa vihesabiwe na kuhamishiwa rasmi kwenye daftari la mali za chuo. Nakala kamili ya data ikabidhiwe maktaba au kitengo cha utafiti, ikiwa na maelezo ya namna ya kuisoma. Hesabu za mwisho zikaguliwe kabla mhasibu wa mradi hajamaliza ajira yake, kwa kuwa baada ya hapo hakuna atakayejua stakabadhi ya boksi la tatu ni ya nini. Barua ya kufunga iandikwe na Makamu Mkuu wa Chuo, itaje kikao kilichoamua, na iambatishwe orodha ya kila mwanafunzi ambaye bado hajahitimu, msimamizi wake wa tasnifu, na upande utakaomlipia hadi siku ya kutunukiwa shahada yake.